Jina Lako Limo Kwenye Orodha? Kazi ya Kusimamia Kesi za Ardhi Eldoret, na Yanayotuhusu Sisi wa Pwani

Kila nikirudi Malindi likizoni naulizwa swali lile lile barazani: "Huko bara unafanya kazi gani hasa?" Nikijibu kwamba nashughulika na kesi za ardhi, jirani wa kwanza hunidhania wakili, wa pili hunidhania dalali wa ploti. Mimi si wakili wala si dalali. Ni msimamizi wa kesi. Tuna ofisi ndogo ghorofani mjini Eldoret, yenye makabati mawili ya chuma, na kazi yetu ni kuzisaidia jamii zinazodai ardhi ya mababu zao, hasa jamii za msituni, kufikisha madai yao panapostahili. Huenda ikawa ni meza ya upatanishi, huenda ikawa Tume ya Taifa ya Ardhi, huenda ikawa mahakama.

Nimeona niandike safari hii kwa sababu shangazi yangu alinipigia simu majuzi akaniambia kuna watu wamekuja shambani kuandika majina ya wanaokaa pale, na jina lake halikuandikwa. Nitarudi kwa shangazi. Lakini nikimjibu yeye peke yake nitakuwa nimewanyima wengine, kwa kuwa jambo lililompata ndilo lile lile ninalolishughulikia huku kwenye baridi, mita 2,100 juu ya bahari, miongoni mwa watu ambao hawajawahi kuona mnazi.

Eldoret wengi wetu tunaijua kwa wanariadha na mahindi. Wazee wa hapa bado huuita mji "Sisibo", kutokana na namba 64, shamba lililopimwa enzi za ukoloni walipokuwa wakigawiwa walowezi. Kwa hiyo mji wenyewe ulianza kama namba kwenye ramani ya kugawa ardhi ya watu. Na hapa ndipo ilipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoamua kesi ya Wasengwer, kesi ambayo kila anayefanya kazi kama yangu lazima aijue.

Wasengwer, ambao pia huitwa Wacherangany (wapo wanaolipenda jina hilo na wapo wanaolikataa), ni watu wa vilima vya Cherangany: wawindaji wa zamani, wafugaji wa nyuki, na sasa wafugaji wa ng'ombe na kondoo pia. Walowezi walipochukua nyanda za Trans Nzoia, wao walisukumwa juu msituni. Mwaka 1933 Tume ya Ardhi ya Carter ilipendekeza jamii ndogo za msituni, ambazo serikali ya kikoloni iliziita "Dorobo", zihamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa yaliyo karibu nazo na zimezwe humo. Mwaka 1954 msitu wa Embobut, wenye takriban hekta 22,000, ukatangazwa kuwa msitu wa serikali. Tangu hapo mtu aliyezaliwa ndani ya Embobut akawa mvamizi nyumbani kwao.

Mambo ya karibuni ndiyo yaliyouleta mgogoro huu Eldoret. Ndani ya msitu walikuwemo Wasengwer, na pia watu wengine walioingia baada ya maporomoko ya ardhi kuharibu makwao. Novemba 2013 serikali ilitangaza kwamba kila familia itapewa shilingi 400,000 itoke ikanunue ardhi kwingine. Familia zilizoorodheshwa zilizidi 2,800. Januari 2014 askari wa misitu na polisi wakaingia, nyumba zikachomwa, ingawa mahakama ya hapa Eldoret ilikuwa imeshatoa amri ya muda ya kuzuia watu wasiondolewe. Benki ya Dunia, iliyokuwa ikifadhili mradi wa maliasili katika vilima hivyo, ilichunguzwa na jopo lake yenyewe, na Machi 2015 ukafanyika mkutano mkubwa wa mazungumzo papa hapa Eldoret kati ya serikali, jamii za msituni na wafadhili. Januari 2018 Robert Kirotich, Msengwer, aliuawa kwa risasi ndani ya msitu, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha za mradi wake wa maji wa euro milioni 31. Mei 2020 mahakama ikatupilia mbali ombi la Wasengwer lililokuwa limekaa miaka saba. Julai mwaka huo huo nyumba zikachomwa tena.

Msomaji atauliza: mbona watu walilipwa na bado wamo? Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Serikali inasema imelipa, kwa hiyo anayerudi ni mvamizi. Wasengwer wanasema hawakuuza, hawakuulizwa kama jamii, na orodha ya malipo iliwachanganya wao na watu wenye historia tofauti kabisa, kana kwamba wote walikuwa wapangaji wa aina moja. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2018 ilieleza jinsi watu walivyoachwa nje ya orodha ile, hasa wanawake, kwa kuwa fungu lilikuwa la "familia" na familia ilihesabiwa kwa jina la mwanamume. Mjane, mke wa pili, aliyeachika akarudi kwao: hao walitafutwa majina yao yasionekane.

Sheria yenyewe haikuandikwa na watu wabaya, nadhani. Katiba ya 2010 imeigawa ardhi ya Kenya mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Ibara ya 63 inasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi ya mababu na ardhi iliyokaliwa kwa desturi na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Lakini Ibara ya 62 inasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma. Sasa msitu uliokuwa wa mababu wa wawindaji, kisha ukatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, ni wa nani? Wakili wa jamii anasoma ibara moja, wakili wa serikali anasoma jirani yake, na wote wawili wanasoma sawasawa.

Kuna milango mitatu hivi ya kupeleka dai. Wa kwanza ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kuanzia kifungu cha 39 hadi cha 42 inapanga ngazi: jamii itumie kwanza mila na kanuni zake, kisha upatanishi, kisha usuluhishi wa mtu ambaye pande zote zimekubali atoe uamuzi, na mahakama iwe ya mwisho. Ni ngazi nzuri, na Katiba yenyewe katika Ibara ya 159 inaiambia mahakama ihimize njia hizo. Tatizo ni kwamba sheria inazungumzia jamii iliyosajiliwa. Jamii isiyosajiliwa, ardhi yake huwekwa amana kwa serikali ya kaunti, na hata fidia ikitoka, kaunti ndiyo huishika mpaka usajili ufanyike. Mlango wa pili ulikuwa dhuluma za kihistoria: Tume ya Taifa ya Ardhi ilipewa mamlaka ya kuchunguza dhuluma zilizofanywa kati ya tarehe 15 Juni 1895 na tarehe 27 Agosti 2010. Lakini sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 watu walipewa miaka mitano tu ya kupeleka madai, na miaka hiyo ikatimia Septemba 2021. Mlango wa tatu ni mahakama, na ukishindwa za nyumbani kuna za bara letu la Afrika. Waendorois walishinda mbele ya Tume ya Afrika kuhusu Ziwa Bogoria, uamuzi wa mwaka 2009 uliothibitishwa 2010. Waogiek wa Mau walishinda Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, tarehe 26 Mei 2017. Miaka mitano baadaye, Juni 2022, mahakama hiyo hiyo ikaiamuru Kenya iwalipe shilingi milioni 157.85 kupitia mfuko wa maendeleo ya jamii, iipime ardhi yao na kuwapa hati. Kushinda ni jambo moja na kupimiwa ardhi ni jingine. Hilo siwezi kulieleza kwa ufupi, na wala si mada ya leo.

Sasa kazi yangu iko wapi katika hayo? Wakili anasimama mahakamani. Mpatanishi anakaa katikati ya pande mbili. Mimi ndiye ninayeshika faili tangu siku mzee anapanda ngazi za ofisi yetu na mfuko wa nailoni mkononi. Namwandika, namsikiliza, nafungua jalada, napanga matukio kwa tarehe, nafuatilia siku za kusikilizwa, nahakikisha upande wa pili umepata nakala, natafuta mkalimani, nakata tikiti za matatu, nakumbusha watu. Sehemu kubwa ya kazi ni kumbukumbu na simu. Wapo wanaodhani jamii hushindwa kwa sababu haki haiko upande wao. Niliyoyaona mimi ni kwamba wengi huanguka kwa sababu barua ilijibiwa siku ya 31 badala ya siku ya 30.

Kitu kinachonifurahisha katika kazi hii ni kutembea. Dai la ardhi ya mababu haliwezi kuandikiwa mezani. Tunatoka Eldoret alfajiri, tunapita Iten, tunakata vilima kuelekea Kapyego, kisha miguu. Wazee wanatangulia, mimi na mwenzangu mwenye kifaa cha kupimia tunafuata. Kila mahali pana jina: mto huu, jiwe lile, uwanda wa nyasi pale katikati ya miti. Mzee anasimama chini ya mti na kusema mzinga ule ulikuwa wa babu yake, na wa upande ule ni wa ukoo mwingine, usiuguse. Tunapiga picha, tunaandika jina la mahali, jina la aliyesema, na majina ya waliokuwepo akisema. Kaburi tunaliandika kwa adabu. Hatulipigi picha mpaka wenyewe waruhusu. Mwanzoni wakinicheka. "Huyu kijana wa Mombasa anatetemeka," wakisema, kwani kwao kila mtu wa Pwani ni wa Mombasa, hata awe wa Kiunga. Kiswahili changu pia kiliwachekesha, wakiniambia naongea kama redio.

Karatasi nazo zina maajabu yake. Watu huleta vyeti vya ubatizo, risiti za kodi za enzi za Mwingereza, vipande vya babu. Vyote ni vizuri. Lakini karatasi bora kabisa nimejifunza ni ile iliyoandikwa na aliyekutesa. Mama mmoja alileta ilani ya zamani iliyomwamuru mumewe aondoke msituni kabla ya tarehe fulani. Aliileta kwa aibu, akidhani inamharibia. Nikamwambia hii ndiyo ya kwanza kuwekwa kwenye faili: haiwezekani ofisi ikuamuru uondoke mahali ambapo hukuwepo.

Nieleze pia kosa langu, maana nisipolieleza makala haya yatakuwa ya kujisifu.

Ilikuwa Agosti 2021. Dirisha la madai ya kihistoria lilikuwa karibu kufungwa, na sisi tulikuwa na kundi moja la familia ambalo dai lake halijakamilika. Sitataja ukoo wala kijiji. Dai la jamii lazima lionyeshe jamii ni nani, kwa hiyo tukahitaji orodha. Nikaitisha mkutano chini ya miti, nikakaa na daftari, nikawaambia wazee wanitajie nyumba moja moja. Wakataja. Nikaandika majina 41, kila moja na namba ya kitambulisho. Nilijiona nimefanya kazi safi, nikaanza kusoma kwa sauti ili waithibitishe.

Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma na blanketi begani akasimama. Huyu ndiye aliyekuwa ametutembeza siku tatu. Yeye ndiye aliyejua majina ya mito, yeye ndiye aliyetuonyesha makaburi. Huku bibi wa watu huitwa kogo, na sote tulimwita hivyo. Akasema kwa Kiswahili, makusudi ili nielewe: "Umesoma majina ya wanaume na ya watoto wao wa kiume. Mimi ni nani?"

Nikatazama daftari. Nyumba yake ilikuwemo, ila ilikuwa imeandikwa kwa jina la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Akaeleza yaliyobaki bila hasira, kama mtu anayehesabu mbuzi. Pesa za mwaka ule wa fidia zilipokuja, nyumba yake pia iliandikwa kwa shemeji huyo huyo. Yeye hakuona hata shilingi. Alipouliza aliambiwa pesa zilikuwa za familia, na familia imeshapata. "Walikuja na kalamu yao," akasema, "na wewe umekuja na yako."

Sikuwa na la kusema. Sheria naijua. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii kinakataza ubaguzi, na kinasema aliyeolewa au kuoa ndani ya jamii anakuwa mwanajamii moja kwa moja, na mjane habanduki uanachama kwa kufiwa, isipokuwa akiolewa tena. Naijua kwa moyo, nimeifundisha kwenye warsha. Na bado niliuliza "nyumba ni ya nani" badala ya kuuliza "nani wanakaa hapa", kisha nikaandika jibu.

Tulianza orodha upya siku ile ile. Safari hii tulimwandika kila mtu mzima kwa jina lake, mwanamume na mwanamke, na pembeni tukaandika anakaa na nani. Majina yakafika 117. Vijana wawili walikasirika. Walisema tunapoteza muda, dirisha linafungwa, mambo ya wanawake yatapangwa baadaye. Hofu yao ilikuwa na msingi, na usiku ule sikulala vizuri. Tulilala huko siku nne zaidi ya tulizopanga, tukitafuta namba za vitambulisho vya kina mama ambao vitambulisho vyao vilipotea moto ulipopita. Dai liliingia siku tisa kabla ya mwisho. Kama lingechelewa, ningekuwa naandika makala mengine.

Shemeji naye? Alikuwepo mkutanoni. Tulimpatanisha na kogo kwa njia ya wazee, ngazi ile ya kwanza niliyoitaja. Haikurudisha zile shilingi 400,000, zilikuwa zimekwisha zamani. Alikubali mbele ya watu kwamba nyumba ni ya kogo na jina lake liandikwe, akampa ng'ombe mmoja. Kwa macho ya wakili hiyo si fidia. Kogo alitaka jambo lile lisemwe mbele ya wale wale waliokuwepo lilipofichwa, na alilipata.

Tangu siku hiyo kila jamii inayokuja kwetu naanza na orodha kabla ya ramani. Sheria yenyewe inaelekea huko. Jamii ikitaka kujisajili huchagua kamati ya watu kati ya 7 na 15 katika mkutano wa watu wazima wote, kisha hupeleka kwa msajili jina la jamii, daftari la wanachama, kumbukumbu za mkutano na kanuni zao. Baadaye mwekezaji akija, au mtu akitaka kuuza kipande, hakuna uamuzi bila theluthi mbili ya watu wazima. Theluthi mbili ya nani? Ya walio kwenye daftari. Asiyekuwemo hahesabiwi akiwa anakataa, na hahesabiwi akiwa anakubali. Ndiyo maana ugomvi mkali ninaousimamia siku hizi si kati ya jamii na serikali. Ni ndani ya jamii zenyewe, kuhusu nani ni wa hapa na nani alikuja juzi, na huongezeka kila pesa zinaponukia.

Nimewaeleza ya huku kwa urefu kwa sababu sisi wa Pwani tumeshaipita njia hii, na tulipigwa humo. Mwaka 1908 serikali ya Mwingereza ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa maili kumi. Kila anayedai ardhi aende akadai kwa maandishi mbele ya ofisa. Waliokuwa na karatasi, wengi wao Waarabu na Waswahili wa mijini, walipata hati. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilijulikana kwa kaya, kwa makaburi na kwa miti, hawakuingia kwenye daftari lile. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Mpaka leo mjukuu wa aliyezaliwa pale anaitwa skwota, na mwenye hati anaweza kuwa mtu ambaye hajakanyaga shamba hilo maishani mwake. Lilikuwa dirisha lenye mwisho, kama lile la 2021.

Na tuna jamii za msituni zetu wenyewe. Waaweer, wale tunaowaita Waboni, walihamishwa kutoka ndani ya msitu wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960, wakapangwa kwenye vijiji vya kando ya barabara ya Hindi hadi Kiunga: Basuba, Mangai, Milimani, Mararani. Uwindaji ukapigwa marufuku mwaka 1977. Mwaka 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni na msitu ukafungwa kwao kwa sababu za usalama. Wanaloulizwa wao ni lile lile waliloulizwa Wasengwer: mko nje ya msitu, sasa mnadai vipi kwamba ni wenu? Ningekuwa Lamu, ningeanza leo kutembea na wazee wao wangali hai, na daftari, na kina mama wakiwa mbele.

Shangazi sasa.

Shamba letu liko nje kidogo ya Malindi. Ardhi si yetu kwa hati, mwenye hati ni mtu ambaye babu alimjua kwa jina tu. Minazi ni yetu. Kwetu mtu aweza kumiliki mnazi bila kumiliki udongo uliousimamisha, jambo ambalo huku bara nikilieleza watu hunitazama kama nimelewa, mpaka nilipomweleza yule kogo, naye akasema hata wao mzinga una mwenyewe. Shangazi aliachika zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akarudi pale, akamuuguza bibi mpaka alipofariki. Minazi michanga yote ameipanda yeye. Sasa kuna mpango wa kuwapimia watu, na walioandika majina walimkuta ameketi nje akipepeta mchele. Wakauliza mwenye nyumba. Akawaambia, kwa adabu ya kikwetu, kwamba wanaume hawapo. Wakaandika jina la binamu yangu anayekaa Mombasa, wakaenda zao.

Nilipomuuliza kwa nini hakutaja jina lake, akanijibu: "Mwanangu, waliuliza mwenye nyumba. Mimi naikaa tu."

Nikamwambia yale ninayowaambia kina kogo. Usigombane na walioandika, wala usigombane na binamu. Omba uione orodha kabla haijapelekwa mbele, maana kulirekebisha jina kijijini ni rahisi na kulirekebisha Nairobi ni kazi ya miaka. Tafuta majirani wawili wazee waandike kwamba wanakujua pale na tangu lini. Kusanya chochote chenye jina lako na jina la mahali: kadi ya hospitali, risiti ya mbegu, kadi ya kura inayoonyesha kituo chako. Andika barua fupi: mimi fulani, kitambulisho namba fulani, nakaa hapa tangu mwaka fulani, naomba jina langu liongezwe. Binamu naye aandike mstari mmoja chini kwamba anakubali. Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea, wenye tarehe. Bila muhuri hujapeleka barua, umepiga hodi tu.

Binamu alikubali bila neno, nashukuru. Shangazi akaenda na barua yake. Aliyekuwa dirishani akamwambia amwachie tu, muhuri hauhitajiki. Shangazi akaketi kwenye benchi. Akaambiwa arudi Jumatatu, akasema atangoja. Alitoka kidogo kwa Sala ya Adhuhuri, akarudi kwenye benchi. Saa tisa mtu mwingine akaja akamgongea.

Mkutano wa kusikiliza waliopinga orodha haujatangazwa. Barua yenye muhuri ameifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka chini ya godoro, nami nimemtumia binamu nauli aende akaipige picha kabla mvua za masika hazijaanza, kwani paa lile la makuti navuja nalo tangu nikiwa mtoto.